Godoro Halijisemei

Jumatatu, 3 Juni

Leo bosi katangaza. Duka linafungua tawi la pili, barabara ya juu, karibu na stendi, na mkuu wa tawi atatoka miongoni mwetu. Atamtaja Ijumaa ya wiki ijayo. Alipokuwa akisema hivyo alitutazama sote, lakini mimi alinitazama zaidi. Mkato anadai bosi alikuwa anaangalia saa ya ukutani, ambayo imetundikwa nyuma yangu. Kijicho hicho.

Nieleze kidogo, maana shajara hii siku moja itasomwa na watu muhimu. Duka letu ni la magodoro. Wauzaji ni wawili: mimi, na huyo dada tunayemwita Mkato kwa sababu kila kitu kwake ni mkato. Mteja akimuuliza swali, anamjibu kwa maneno matatu, kisha anarudi kupaka kucha rangi nyuma ya kaunta. Mvivu wa kusema. Mdomo wa duka ni mimi. Godoro halijisemei. Lazima awepo mtu wa kulisemea, na alisemee vya kutosha.

Mfano wa leo. Kaingia baba mmoja, kagusa godoro la sponji kwa kidole, kauliza kama linabonyea. Nikaanza na historia ya sponji. Nikapita kwenye suala zima la msongamano wa chembe, nikamfafanulia uti wa mgongo wa binadamu na pingili zake, nikafika kwenye mzunguko wa hewa. Nilipokaribia kubonyea kwenyewe, akasema anatoka kidogo kununua maji ya kunywa. Mpaka tunafunga duka hajarudi. Bila shaka yuko mahali anatafakari.

Jioni nimemwambia mke wangu kwamba ukuu wa tawi umeshapatikana, kilichobaki ni kutangazwa tu. Mke akampigia mama yake simu hapo hapo. Sasa mama mkwe anakuja kunipongeza. Sikumwomba mke apige. Sikumzuia pia, kwa sababu nilikuwa katikati ya sentensi.

Jumanne, 4 Juni

Bosi kaleta mkufunzi. Kumbe ndiyo maandalizi ya tawi: tufundishwe kuzungumza na wateja. Mimi, nifundishwe kuzungumza! Nilikwenda kucheka chooni, kwa heshima.

Mkufunzi ni mama mfupi, miwani imening'inia kifuani, sauti yake haipandi wala haishuki. Zamani alikuwa akifundisha wapokea simu. Kasimama kati ya vitanda vya maonyesho, kaandika ubaoni: Jibu ulichoulizwa. Kisha kafunika kalamu na kuketi. Basi. Hilo ndilo somo zima. Na anakula kwa kazi hiyo.

Nikanyoosha mkono nimsaidie kupanua hoja. Niliipanua. Nilipomaliza, bosi alikuwa ameegemea rundo la foronya, macho kayafumba kwa umakini. Mkufunzi kaniuliza kama lile lilikuwa swali. Nikamwambia ulikuwa ni mchango. Akasema anashukuru, kwa sababu nimempa mfano mzuri kuliko yote aliyokuja nayo. Nimefurahi. Natumaini bosi alisikia.

Halafu zoezi. Kila mtu aeleze godoro kwa pumzi moja. Mkato akasema: "Gumu. Halibonyei. La mtu mwenye mgongo mbovu." Wakapiga makofi, hata mlinzi wa mlangoni. Zamu yangu nikavuta pumzi kubwa kuliko zote nilizowahi kuvuta maishani. Nilifika mpaka kiwandani, kwenye mashine ya kukatia, ndipo duka likaanza kuzunguka. Wamenikalisha chini na kunipepea kwa kipande cha boksi. Hakuna aliyenipigia makofi, ila nadhani ni kwa sababu mikono yao ilikuwa na kazi.

Jumatano, 5 Juni

Somo la leo: mrudishie mteja maneno yake, ajue umemwelewa. Hili nimelipenda. Linaongeza maneno.

Wakaingia vijana wawili, wachumba. Kijana akasema wanatafuta godoro la watu wawili. Nikamwambia: unatafuta godoro la watu wawili. Akasema ndiyo. Nikamwambia: umesema ndiyo. Akamtazama mchumba wake. Nikamwambia: umemtazama mchumba wako. Akaniuliza kama nina tatizo naye. Nikamrudishia: unaniuliza kama nina tatizo na wewe. Hapo akapandisha sauti, na mimi, kwa kufuata somo, nikapandisha kiasi kilekile. Binti akaanza kumvuta mwenzake shati.

Mkato akainua uso kutoka kwenye kucha zake, akawauliza kitanda chao kina upana gani. Wakamwambia. Akawaonyesha godoro. Wakalinunua. Yaani kazi yote ya kuwaandaa nimeifanya mimi, yeye kaja kuvuna. Nilikwenda kumweleza bosi hivyo. Akasema yuko kwenye simu. Simu yenyewe ilikuwa mezani, imezimwa, lakini sikutaka kumwaibisha.

Ijumaa, 7 Juni

Mama mkwe kafika. Begi lake ni kubwa, la mtu asiye na haraka ya kuondoka. Kanishika mikono yote miwili, machozi yanamlengalenga. "Mwanangu," akaniambia, "sasa nitalala usingizi. Nimejua binti yangu yuko pazuri."

Mke wangu akanitupia jicho. Jicho lile nalijua, linauliza: lakini ni kweli? Nikalijibu kwa kueleza muundo wa uongozi wa matawi. Nilieleza mpaka chai ikapoa. Mama mkwe akasema hajaelewa ila anaona ni cheo kikubwa. Mke alikusanya vikombe.

Niandike ukweli, niko peke yangu hapa: naogopa. Nikilikosa tawi hili, sijui nitauweka wapi uso wangu. Mama huyu, kabla sijamwoa binti yake, aliwahi kusema kwamba mimi ni redio isiyoshika kituo. Nililisikia neno hilo dirishani. Miaka yote hii nimengoja siku ya kumjibu, na siku yenyewe ndiyo Ijumaa ijayo.

Kazini leo tulifundishwa kumtazama mteja machoni. Inajenga imani. Nikamtazama fundi wa baiskeli aliyekuja kuulizia mto. Nilimtazama bila kupepesa. Akarudi nyuma hatua kadhaa, nami nikamfuata ili imani isikatike. Akatoka mbio na mto mkononi, mlinzi akamkimbiza mpaka kwenye kona. Mto umerudi dukani. Fundi amegoma kurudi.

Jumamosi, 8 Juni

Nimegundua silaha!

Kaja mzee mstaafu analalamikia kiuno. Utaratibu wetu ni kwamba mteja avue viatu, ajilaze kwenye godoro la maonyesho, alisikie mwenyewe ndipo aamue. Mzee kajilaza. Nikaanza maelezo. Sijafika hata kwenye pingili, mzee anakoroma.

Nikamwita bosi kwa ishara. Nikamnong'oneza aone jinsi ubora wa bidhaa unavyokwenda sambamba na ubora wa maelezo. Bosi akatabasamu, mara ya kwanza wiki hii. Tukasimama pale tunamtazama mzee kama baba na mama wa mtoto mchanga.

Mzee aliamka baadaye sana. Akajinyoosha, akavaa viatu, akasema kiuno kimepona, kwa hiyo godoro la nini tena. Akaondoka anapiga mluzi.

Mchana karudi na rafiki yake. Rafiki kauliza kama ndiye mimi yule anayeongea. Sasa nina jina mjini. Wakavua viatu wote wawili. Kufika alasiri walikuwa wamejaa: washonaji wa jengo la pili, dereva wa basi, muuguzi aliyetoka zamu na kuniomba nisipandishe sauti nikifika sehemu za kusisimua. Mkato anasema nimefungua gesti ya bure. Yeye anaona watu wamelala. Mimi naona wateja wa kudumu. Hakuna aliyenunua, lakini mahusiano yamejengwa.

Bosi hakutabasamu tena. Alipita kati ya vitanda akiwaamsha mmoja mmoja, na kila aliyeamshwa alimwomba aache nimalizie.

Jumatatu, 10 Juni

Somo la mwisho. Ukimaliza kusema, nyamaza. Mpe mteja nafasi. Mkufunzi aliendelea na jambo fulani kuhusu kutoandika oda mpaka mteja afanye sijui nini, sikulinasa, kwa sababu nilikuwa namweleza bosi umuhimu wa kunyamaza. Nilichonasa kinatosha. Ukimya una nguvu, na kuanzia kesho nitautumia.

Wakati wa kuagana mkufunzi kanishika bega. Kaniambia, "Sikiliza, mwanangu." Nikasubiri aendelee. Akachukua mkoba wake akaenda zake. Mtaalamu mzima anaacha sentensi njiani.

Jumanne, 11 Juni

Nimeshinda. Niandike polepole nisije nikaruka kitu.

Kaingia mama mwenye gesti, ile ya ghorofa moja nyuma ya hospitali. Anabadilisha magodoro ya gesti nzima. Alionekana amechoka hasa, kaketi kwenye ukingo wa godoro letu kubwa kuliko yote, lile la springi tunaloliita Mfalme. Akasema anataka magodoro ya vitanda vyembamba, ya sponji ngumu, ila leo hanunui. Anamngoja fundi wake apime vitanda, ndipo atarudi kuagiza. Maneno ya mtu asiyejua anachotaka.

Mkato alishaanza kunyanyuka. Nikamwahi. Nikamwomba mama avue viatu, ajaribu Mfalme, asijali. Akasema haya, kidogo tu, akajilaza. Nikaanza kumwaga maneno, kwa sauti ya chini, taratibu. Nilimweleza kwa nini mgeni anahitaji upana. Nilimweleza kwamba kitanda chembamba ni ufukara wa fikra. Nikapitia springi moja moja na tabia zake. Hakunikatiza hata mara moja! Miaka yote niliyofanya kazi hii, sijawahi kupata mteja wa hivyo. Mke wangu mwenyewe hajawahi kuniacha nifike mwisho.

Kisha nikayafuata masomo yote, asije mtu akasema sikufundishika. Nikamrudishia oda yake: Mfalme, kila chumba, yapelekwe kesho. Nikanyamaza. Kimya. Nikamwambia kama ana pingamizi aseme. Kimya. Nikarudia, kwa upole zaidi. Kimya, na tabasamu dogo. Nikaandika oda.

Mkato akapita nyuma yangu na kichupa chake cha rangi. "Amelala huyo," akasema. Maneno mawili. Anadhani yapo mambo duniani yanayoelezeka kwa maneno mawili. Nikamwambia huyu hajalala, huyu anapima hoja, na kwamba roho mbaya haimpandishi mtu cheo. Akainua mabega akaenda.

Mama alipofumbua macho alishtuka, akatafuta viatu vyake huku na huku. Akasema, "Nashukuru baba, nimepumzika. Tutaonana." Ameshukuru. Nani anashukuru kitu asichokitaka?

Nikamtangazia bosi mbele ya kila mtu kwamba duka halijawahi kupata oda kama hii. Akaniuliza kama mama amekubali. Nikamwambia hajapinga hata kidogo. Akaniuliza tena: amesema ndiyo? Nikamweleza kwa kirefu. Nilianza na hali aliyoingia nayo, nikaja kwenye ukaribu tuliojenga, na nilipogeukia lugha ya mwili bosi akashika kichwa, akasema haya, haya, pelekeni. Nimemshinda kwa hoja.

Nyumbani mama mkwe kapiga vigelegele. Mke wangu akaniuliza, sasa ni kweli kabisa? Nikamwambia aketi nimweleze. Akasema atasikia kesho, ana nguo za kuanua.

Jumatano, 12 Juni

Tumepeleka. Lori ni la shemeji, mdogo wake mke wangu, kijana mzuri ila ana maswali. Njia nzima anauliza kama mwenye gesti anajua tunakuja. Nikamweleza. Akaongeza sauti ya muziki.

Mwenyewe hatukumkuta. Mhudumu wa mapokezi akasema hana taarifa ya magodoro. Nilimweleza hatua kwa hatua tangu mama alipoingia dukani. Alinipa funguo za vyumba kabla sijafika nusu, nadhani ushahidi ulimtosha.

Tukatoa magodoro ya zamani, tukayapanga uani. Tukaingiza Mfalme. Hapa shemeji akaanza tena: mbona godoro limezidi kitanda? Ni kweli lilizidi. Vitanda ni vyembamba, Mfalme ni mpana, limening'inia huku na huku, na vyumba vingine mlango unafunguka nusu. Nikamwambia hiyo inaitwa nafasi ya ziada, na mgeni atafurahia. Mgeni wa chumba cha mwisho, mfanyabiashara mnene, akataka kulijaribu. Aliketi pembeni, pembeni ikashuka, yeye akaingia kati ya kitanda na ukuta. Tulimsikia lakini hatukumwona. Shemeji alimvuta kwa miguu. Hakutoa maoni yoyote kuhusu godoro, na mimi nilinyamaza nimpe nafasi.

Tunaondoka, wingu limefunga. Shemeji akauliza kama yale ya zamani tuyaingize barazani. Nikamwambia yale yameshastaafu.

Mama mkwe amewaalika majirani Ijumaa jioni. Anasema atakaa nami kwenye kochi kubwa.

Alhamisi, 13 Juni

Mvua imenyesha mpaka asubuhi.

Tulikuwa ndiyo tunafungua duka. Mwenye gesti akaingia na fundi wake, fundi ameshika futi. Mama hakupiga kelele. Heri angepiga. Alimfuata bosi moja kwa moja, akasema, "Sikuagiza kitu. Magodoro yangu yameloa yote. Wageni wamehama. Naomba mje mchukue yenu."

Bosi akanigeukia. Mama naye akanigeukia. "Baba," akaniambia, "mimi nililala. Nauguza mama yangu pale hospitali, nilikuwa sijafumba jicho tangu juzi yake. Nililala tu."

Nikafungua mdomo nimweleze. Hakikutoka kitu. Sijui kilitokea nini, maneno yote niliyonayo yakakimbia. Niliona aibu. Nilitamani sakafu inimeze.

Lakini haikudumu, namshukuru Mungu. Nikakumbuka kwamba kosa la msingi si langu. Mteja anayekusudia kulala ana wajibu wa kusema mapema. Hilo ndilo tatizo la watu wengi, hawajielezi. Nilimfuata nje kumfafanulia, fundi akasimama kati yetu na futi yake.

Mchana kutwa tumebeba Mfalme kurudi. Moja limekwama kwenye ngazi, watu wa juu hawashuki, wa chini hawapandi. Lingine limeanguka kwenye tope. Bosi mwenyewe alibeba na tai yake shingoni. Hakusema neno. Shemeji hakusema neno. Mkato alikuja na kitambaa, akaanza kufuta tope, naye hakusema, lakini huyo ni kawaida yake. Ikabidi niongee mimi ili kazi isipooze.

Ijumaa, 14 Juni

Mkuu wa tawi jipya ni Mkato.

Bosi alitangaza asubuhi, amesimama kwenye kaunta. Wakamwambia mkuu mpya aseme machache. Akasema, "Ahsanteni. Nitajitahidi." Hiyo ndiyo hotuba! Mimi ya kwangu ilikuwa tayari tangu wiki jana, ina sehemu kuu na sehemu ndogo. Niliuma meno nikapiga makofi.

Kisha bosi akaniita ofisini. Akafunga mlango. Akasema, "Leo ndiyo mwisho wako hapa. Usije tena kazini. Funguo mpe mlinzi." Akanyamaza, ananitazama machoni.

Nikasubiri sehemu inayofuata. Haikuja. Nikamwomba afafanue. Akarudia vilevile, kwa mpangilio uleule. Nikatoka.

Niliumia. Sioni haya kuandika. Nilikaa kwenye benchi la stendi, nawatazama watu wanaojua wanakokwenda. Nikamfikiria mama mkwe na majirani wake, na kochi lile kubwa. Nikamfikiria mke wangu. Sikujua nitaanzaje.

Ndipo akili ikanirudia. Jambo zito kama kumwachisha mtu kazi haliwezi kusemwa hivyo. Halina utangulizi. Halina sababu, halina mifano, halina hata hitimisho. Kwa hiyo bosi hajamaliza. Alianza akashikwa na haya katikati, maskini, masomo yale hayakumwingia. Jumatatu nitakwenda mapema nimsaidie kumalizia. Inawezekana hata huko mwishoni kuna habari njema.

Jumamosi, 15 Juni

Jana jioni sebule ilijaa. Majirani wamevaa vizuri. Mama mkwe kanipangusia nafasi kwenye kochi, akasema haya mwanangu, tuambie.

Nikawaambia. Nilianza na hali ya soko la magodoro kwa ujumla. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na sinia. Akanikatiza. "Umepata au hukupata?" Nikamwambia hilo ni swali linalohitaji muktadha. Nikatoa muktadha. Jirani wa kwanza akaaga, ana mtoto kalala peke yake. Wa pili akaaga. Nilipofika kwenye mvua, tulibaki wenyewe.

Mama mkwe akamgeukia binti yake. "Anasema nini huyu?"

"Amefukuzwa kazi, mama."

Sikusema hivyo. Sikutamka neno hilo popote! Mke wangu ana tabia ya kufupisha mambo, na kwenye kufupisha ndipo ukweli unapopotea. Nilimweleza hivyo alipokuwa anapanga nguo zake, nikiwa nimesimama upande huu wa kitanda, halafu upande ule. Akaniambia hana hasira kwa sababu ya kazi. Kazi hupotea, kazi hupatikana. Amechoka kuishi na mtu asiyejulikana amesimama wapi. Wiki mbili nzima kaniuliza jambo moja, na bado hajajibiwa. Anakwenda kukaa kwa mama yake, mpaka hapo tutakapoweza kuongea.

Nikamwambia tumekuwa tukiongea kila siku.

Wameondoka asubuhi na lori la shemeji. Mama mkwe hakunitazama. Mke wangu alinitazama sana, kama mtu anayesubiri. Mimi nilikuwa namwelekeza shemeji namna ya kufunga kamba.

Jumapili, 16 Juni

Nyumba kimya. Sikudhani kama kimya kinaweza kuwa kirefu hivi. Nimejipikia chai, nimekunywa peke yangu, nimelieleza kabati mambo mawili matatu. Sikufichi, shajara: namtaka mke wangu arudi. Namtaka hata kabla sijamaliza kuandika mstari huu.

Jioni nikampigia. Alipokea haraka, simu haikuita hata mara mbili. Nikasikia anahema. Nikamwambia ni mimi. Akasema anajua. Nikataka kuendelea, akasema ngoja, nina swali moja. Sauti yake ilikuwa ya upole, kama zamani.

"Unataka nirudi?"

Kusema kweli nilifarijika. Nikaona huyu sasa amekuja mezani, tuzungumze. Nikaanza na siku ile tulipokutana kwenye foleni ya benki, maana bila hapo huwezi kuelewa yaliyofuata. Nikaja kwenye uchumba, na vikwazo nilivyowekewa, na nani aliviweka. Nikagusa hali ya ndoa kwa jumla siku hizi. Alikuwa kimya kabisa, ananisikiliza. Nilikuwa nimekaribia sana kwenye jibu, pengine sentensi chache tu, simu ikakata.

Mtandao wa siku hizi ni wa ovyo. Nimejaribu tena, haipokelewi, nadhani mnara umeanguka. Si neno. Kesho nikitoka kumsikiliza bosi nitampigia nianze upya, na mara hii nitakwenda taratibu, maana nahisi kuna mambo muhimu niliyaruka.